Tanki jipya linanuka siki, furu wanahema juu: ni silikoni imeingia kwenye maji?

#1 KirumbaJuu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka kwa wanaojua mambo ya akwariamu.

Tanki ni la kioo cha mm 8, urefu sm 90, upana 45, kimo 45. Limeunganishwa na fundi wa madirisha ya alumini kwa silikoni isiyo na rangi. Liliachwa siku mbili likauke, likajazwa maji ya bomba ya MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza), pampu ya hewa ikakesha ili klorini itoke, ndipo wakaingia furu sita, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Kesho yake hali ni hii: ukisogeza pua unapata harufu ya siki, juu ya maji kuna utando unaong'aa kama mafuta, maji yameanza kuwa na ukungu mweupe, na samaki wote wamepanda juu wanahema. Wawili rangi imewatoka kabisa.

Nibadilishe maji tu au kuna la zaidi? Mpaka naandika hapa bado wazima.

#2 Matale

Watoe samaki sasa hivi, maelezo yatafuata. Kubadilisha maji wakiwa humo ni kujisumbua, maana chanzo kiko kwenye kona za tanki na kitaendelea kutoa.

Tafuta ndoo mbili za lita 20, mpya au zilizobeba chakula, isiwe ya rangi wala ya sabuni. Furu watatu kila ndoo. Kama unayo thiosulfati ya sodiamu, yeyusha gramu 1 kwenye ml 100 za maji, kisha tia ml 15 za mchanganyiko huo katika ndoo ya lita 20. Hiyo inamaliza klorini ya mg 1 kwa lita. Kama huna, chemsha maji dakika 15, yapoe kabisa, halafu yapigwe hewa nusu saa kabla ya kuweka samaki, kwa sababu maji yaliyochemshwa hayana oksijeni. Maji ya ziwani nayo yanafaa yakichotwa kwenye mtumbwi mbali na ufukwe. Usiingie kuchota na miguu mitupu, kichocho cha kandokando ya ziwa hakina mzaha.

Kila ndoo jiwe lake la hewa, na kipande cha bomba la PVC wajifiche, furu wakibanana wanapigana. Funika na wavu kwa sababu wanaruka. Chakula hakuna kwa siku mbili tatu, na kila siku badilisha theluthi ya maji. Ule utaratibu wa kuwazoesha polepole saa nzima uache leo. Dakika 15 za kuchanganya maji kidogo kidogo zinatosha ikiwa maji wanayotoka ndiyo yanayowaua.

Wakishatulia, rudi na jibu la swali moja: tyubu ya silikoni imeandikwaje? Mtafute fundi, tyubu tupu huwa haifiki mbali.

#3 Babu Dagaa

Tusimtishe mwenzetu. Ikinuka siki ndiyo yenyewe, silikoni ya akwariamu dunia nzima inanuka hivyo. Mbaya ni ile isiyonuka. Mwaga, jaza, mwaga, jaza, mara tatu, habari imekwisha.

#4 Matale

Shikamoo Babu. Nusu ya hilo ni kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayoua samaki za watu.

Maswali ni mawili na watu huyafanya moja. La kwanza: silikoni hii inakaukaje? La pili: kiwandani wameongeza nini ndani yake?

Kwenye kukauka, kuna silikoni ya asidi, ambayo ikikutana na unyevu wa hewa inatoa asidi ya asetiki, yaani asidi ile ile ya siki. Halafu kuna zile zinazoandikwa "neutral", hizo zinatoa vitu vingine, baadhi oksimu, baadhi alkoholi kidogo. Mafundi wa alumini wanazipenda neutral kwa sababu asidi hula bati na hutoboa mgongo wa kioo cha kujitazamia. Neutral si sumu kwa kuwa ni neutral tu. Zipo zinazojenga matanki miaka yote bila tatizo.

Kwenye kuongezwa, adui ni dawa ya kuvu. Silikoni ya bafuni na jikoni inawekewa dawa ili kona zisiote weusi. Dawa hiyo imetengenezwa itoke polepole kila inapolowa. Bafuni inaondoka na maji ya kuoga, kwenye tanki inabaki pale pale, saa 24, na samaki anaivuta kwa matamvua.

Sasa Babu, kanuni yako inavunjikia hapa: silikoni nyingi za bafuni ni za asidi. Zinanuka siki kama kawaida. Kwa hiyo harufu inajibu swali la kwanza tu, la pili haligusi. Na mtu akisikia siki akaridhika, hataangalia tyubu.

Kwenye tyubu tafuta maneno "sanitary", "anti-fungal", "mould resistant", au picha ya beseni na bomba la kuogea. Tyubu zinazofuata kanuni za Ulaya, zikiwemo nyingi zinazotoka Uturuki, huwa na namba EN 15651. Ikifuatiwa na 3 na herufi S (S, XS1, XS2, XS3) hiyo ni ya bafuni na jikoni. Ikiwa ni 2 na herufi G, ni ya vioo, ingawa G peke yake haikuhakikishii kwamba hamna dawa. Maandishi madogo mgongoni soma yote. Ukiona neno lolote linaloishia na "isothiazolinone" au "isothiazol-3-one", au ukiona "carbendazim", tyubu hiyo haihusiani na samaki.

#5 Mkemia wa Pasiansi

Niongezee upande wa siki, kwa sababu nao unaeleweka vibaya. Watu wanadhani asidi inawaunguza samaki. Tupige hesabu ya tanki hili.

Urefu wa kona zote za ndani: chini ni sm 270, wima nne ni sm 180, jumla sm 450. Ukanda wa silikoni wenye mm 8 kila upande unakula kama ml 144, na kati ya vioo kwenye maungio yenye nafasi ya mm 2 inaingia kama ml 72. Tuseme ml 216, karibu gramu 220. Asidi inayotoka ni asilimia chache za uzito huo. Tukichukua 3, ni gramu 6 hadi 7. Kama nusu yake ilikuwa bado ndani tanki lilipojazwa, zimeingia gramu 3 na ushee kwenye lita 150 za maji, sawa na mg 22 hivi kwa lita.

Maji ya Ziwa Victoria ni laini. KH yake, yaani ile akiba inayozuia pH isishuke, iko digrii 2 hadi 3. Mg 22 za asidi hiyo zinakula karibu digrii moja. Inauma, lakini haijamaliza akiba, pH itashuka bila kuporomoka. Furu anastahimili hilo.

Sasa tazama oksijeni. Asidi ya asetiki ni chakula kitamu cha bakteria, na ndio ule ukungu mweupe unaouona. Kuila gramu moja wanatumia oksijeni gramu 1.07. Kwa hiyo mg 22 za asidi zinataka zaidi ya mg 23 za oksijeni kwa kila lita. Na maji ya nyuzi 25 hapa kwetu, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, yakijaa oksijeni kabisa yanabeba mg 7 na kidogo. Pwani yangebeba zaidi ya 8. Samaki wanahema kwa sababu bakteria wanakula hewa kuliko pampu inavyoingiza, na utando wa mafuta juu ya maji unaziba mlango.

Ndiyo maana silikoni safi ambayo haijakauka inaua usiku wa kwanza au wa pili, kisha mambo yanatulia yenyewe: asidi ikishaliwa, hata KH inarudi. Dawa ya kuvu haina tabia hiyo. Kwa hiyo dawa samaki hufa mmoja leo, mwingine Jumamosi, maji yakiwa maangavu kabisa na vipimo vyote vizuri.

#6 KirumbaJuu

Asanteni sana wakuu. Samaki wako kwenye ndoo, wanne wameshaanza kuzunguka, wawili wamelala chini. Fundi anatafuta tyubu. Wakati nasubiri, jirani anashauri niweke mkaa ndani ya tanki na soda ya kuokea. Mnasemaje?

#7 Mkemia wa Pasiansi

Soda ya kuokea, siyo magadi. Gramu 3 kwa lita 100 zinapandisha KH digrii moja. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 5. Inasaidia kwenye tanki lenye maji lisilo na samaki ukitaka kuona kama pH inaendelea kushuka: pandisha KH hadi 4, pima leo, pima kesho. Ikishuka tena, silikoni bado inatema asidi. Kwenye ndoo zenye samaki usiitie ovyo. Ndoo haina chujio, amonia inajikusanya, na pH ikipanda amonia isiyo na makali inageuka kuwa ile yenye makali.

Mkaa wa kupikia acha jikoni. Unaacha majivu yanayopandisha pH, na vinyweleo vyake ni vichache mno. Unaohitajika ni mkaa hai wa vichujio vya maji, gramu 150 hivi kwa lita 100, uoshwe mpaka maji yasiwe meusi, uwekwe mahali maji yanapolazimika kupita katikati yake. Hata huo, asidi ya siki hauishiki vizuri. Unashika mafuta na dawa za kuvu, na baada ya wiki umeshiba, unatupwa.

#8 Fundi Vioo Igogo

Siku mbili ndio mwanzo wa tatizo, hata kama silikoni ni nzuri.

Silikoni inakauka kutoka nje kuingia ndani, mm 2 hadi 3 kwa siku ya kwanza, halafu inapungua kasi kila inavyozidi kina, kwa sababu unyevu unapaswa kupenya ile iliyokwisha kauka. Ukanda wa mm 8 kwenye kona una kina cha karibu mm 6 mpaka kwenye pembe. Ile ya katikati ya vioo viwili ni ngumu zaidi: kioo hakipitishi hewa, ndani imezibwa na ukanda, kwa hiyo inapumua upande mmoja tu, milimita nane nzima. Ukibonyeza na kucha juu utasema imekauka. Ndani bado ni kama dawa ya meno.

Kwa tanki la ukubwa huu, siku saba. Unene ukizidi mm 10, wiki mbili. Mwezi wa sita mpaka wa nane upepo unakuwa mkavu, weka beseni la maji ndani ya tanki, silikoni inakula unyevu. Mfuniko usiweke, asidi inatakiwa itoke. Feni ndiyo, moto na jua kali hapana, juu inafunga ngozi ndani inabaki mbichi.

Kipimo rahisi: funika tanki kavu na nailoni saa mbili, funua kona, ingiza pua. Ukisikia siki, bado.

Kuna na hili ambalo wateja hawalijui. Mafundi wa madirisha wengi wanalainisha silikoni kwa kidole kilichochovywa maji ya sabuni ya vyombo. Kwenye dirisha haina neno. Kwenye tanki, sabuni inabaki juu ya ukanda, inayeyuka kwenye maji, na sabuni kidogo tu inaharibu matamvua. Ikiingia chini ya silikoni kabla haijashika, ndipo tanki linavuja baada ya miezi. Tena wengine wanafuta kioo na thinner ya duka lolote au petroli kabla ya kubandika, inaacha mafuta. Mwulize fundi alilainisha na nini. Usimgombeze, mwulize tu.

#9 Babu Dagaa

Marahaba Matale. Nimeelewa hoja ya dawa ya kuvu. Ila huo utando wa mafuta je? Silikoni ya siku hizi imekuwaje?

#10 Dada Nyegezi

Babu, shikamoo. Silikoni ya bei ya chini hurefushwa kwa mafuta ya madini ili tyubu ijae kwa gharama ndogo. Mafuta hayo hayajifungi na silikoni, yanachuja yenyewe taratibu. Ndiyo maana ukanda wake hunywea ukabonyea katikati, na huwa wa njano ukikaa juani. Kata kipande kilichokauka sawasawa, kisuguliwe kwa maji kitoke viputo vyote, kikandamize hadi chini ndani ya glasi ya maji halafu kiachie. Silikoni safi ni nzito kuliko maji kidogo, inazama. Iliyorefushwa kwa mafuta mara nyingi inaelea.

Utando wenyewe ondoa kwa karatasi ya tishu isiyo na manukato: ilaze juu ya maji, ivute kutoka ncha moja, tupa, rudia na nyingine. Karatasi tano sita tanki lote linaonekana. Ukirudi kesho yake, usichanganye utando wa bakteria na wa mafuta. Chora mstari kwa kidole. Wa bakteria unapasuka vipande vyenye kingo kama vya barafu nyembamba, wa mafuta unafunga tena nyuma ya kidole huku rangi zikicheza.

Kwa wanaotaka uhakika kabla ya kununua samaki, au fundi anapokuja na tyubu usiyoijua, kuna jaribio la chupa. Tandaza silikoni kwenye kipande cha kioo, ukanda wa sm 15 wenye upana wa sm 1. Iache siku saba, ioshe. Chukua chupa mbili safi za mdomo mpana, kila moja lita moja ya maji yasiyo na klorini kutoka ndoo moja. Kipande cha silikoni kiingie chupa ya kwanza, ya pili ibaki na maji tu. Viache siku mbili ndipo uweke viroboto wa maji kumi kila chupa, wale wadogo wanaorukaruka kwenye madimbwi. Huna, tumia viluwiluwi vya mbu, ila hivyo vinapumua hewa ya juu, vitakuonyesha sumu na si upungufu wa oksijeni. Chupa ziwe kivulini, viluwiluwi vifunikwe kitambaa visije vikawa mbu.

Kwa nini sm 15? Ukanda wa ndani wa tanki la KirumbaJuu una uso wa kama sm 500 za mraba kwa lita 150 au zaidi, yaani tatu na ushee kwa lita. Chupa ina 15, mara nne na zaidi. Viroboto wakiwa hai chupa zote baada ya saa 48, silikoni hiyo endelea nayo. Wakifa chupa ya silikoni peke yake, jibu unalo. Wakifa zote mbili, tatizo ni maji yako, anza upya.

Konokono wa ziwani msitumie kwa jaribio hili, tena msiwaokote na mikono mitupu. Wapo wanaobeba kichocho.

#11 KirumbaJuu

Tyubu imepatikana. Mbele: "Sanitary Silicone, Acetic, Transparent". Nyuma: EN 15651-3, S XS1. Maandishi madogo kabisa yanasema ina 4,5-dichloro-2-octyl-2H-isothiazol-3-one. Fundi anasema alilainisha kwa maji matupu.

Samaki mmoja amekufa mchana. Watano wanaendelea.

#12 Matale

Pole sana mkuu. Hapo ubishi umekwisha. Jina hilo refu ni DCOIT, ndiyo dawa inayotiwa kwenye rangi za chini ya meli ili majani na viumbe wa baharini wasishike. Imechaguliwa kwa kazi hiyo kwa sababu inaua viumbe wa majini kwa kiasi kidogo sana.

Tanki livunjwe. Vioo ni vizima, havina shida yoyote, kioo hakinywi dawa. Ulichopoteza ni tyubu moja na muda.

#13 Babu Dagaa

Na akiloweka mwezi mzima akibadilisha maji, pamoja na huo mkaa hai? Au akwangue ukanda wa ndani tu apake mpya juu?

#14 Matale

Kuloweka, Babu, kunatoa dawa iliyo karibu na uso. Ya ndani inasogea taratibu kuja kujaza nafasi. Mtu ataona samaki wazima wiki tatu, ataongeza joto au atakosa kubadilisha maji, wataanza kufa. Hatajua kwa nini.

Kukwangua ukanda na kupaka mpya ni bora zaidi, wengi hufanya hivyo kwenye matanki ya zamani. Ila pale kati ya vioo ile ya bafuni imebaki, na silikoni si ukuta, vitu vidogo vinapenya. Pia silikoni mpya haishiki juu ya silikoni iliyokauka. Kwa tanki ambalo halijamaliza hata mwezi, sioni faida ya kubaki na mashaka ili kuokoa kazi ya siku moja.

#15 Fundi Vioo Igogo

Kuvunja kwenyewe ni hivi. Mwaga maji, futa, laza tanki juu ya blanketi. Wembe mpya wa kushika kwenye mpini: pitisha ukilaza kwenye kioo cha upande mmoja wa ukanda, kisha upande wa pili, ukanda utatoka mzima kama mshipi ukiuvuta. Kwa maungio usilazimishe wembe, utavunja ncha ya kioo. Tafuta waya mwembamba wa gitaa au mshipi wa kusuka wa kuvulia sangara, funga kila ncha kwenye kijiti, mtu mmoja nje mwingine ndani, mvute kwa zamu kama mnapasua mbao. Anzeni na kioo cha mbele, halafu cha nyuma, mwisho vya pembeni. Glavu nene. Kioo kikianza kulegea awepo mtu wa tatu wa kukishika.

Vikishakuwa vipande, kwangua kwa wembe ukiwa umeulaza, kioo kikiwa kimelowa. Mabaki yasiyoonekana ndiyo yanayosumbua. Sugua na white spirit, subiri, kwangua tena, malizia kwa asetoni safi na kitambaa cheupe cha pamba. Asetoni ya dukani ya kutoa rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato. Halafu nyunyiza maji kwenye ncha: yakitandaa kama karatasi kioo ni safi, yakikimbia na kujikusanya matone pale pale kuna filamu ya silikoni, rudi. Fanya hivyo kila ncha. Msimamizi wa kazi akazie macho hapo kwenye matone kuliko pengine pote.

Kubandika: tyubu iandikwe silikoni asilimia 100, ya akwariamu ukiipata, au ya vioo isiyo na dawa baada ya jaribio la Dada Nyegezi. Tyubu ya ml 300 inatosha, nunua mbili kwa sababu katikati ya kazi hakuna kwenda dukani. Angalia tarehe ya mwisho, silikoni iliyopitwa na muda huenda isikauke. Bandika tepu ya karatasi mm 8 kutoka kila kona. Weka vijiti vya meno vilivyokatwa kati ya vioo ili ibaki nafasi ya mm 1.5 hadi 2, usikandamize mpaka silikoni yote itoke. Maungio na ukanda wa ndani upande mmoja ufanywe kwa mkupuo, ngozi inaanza kufunga ndani ya dakika kumi hivi. Lainisha kwa kadi ya plastiki mara moja, usirudie rudie. Tepu itoke hapo hapo, silikoni ikiwa bado laini.

Siku saba. Jaza mpaka nusu, tazama saa chache, jaza mpaka juu, acha siku nzima, mwaga. Jaza tena siku nzima, mwaga. Bado unasikia siki ukifunika nailoni? Ongeza siku.

#16 KirumbaJuu

Nimeelewa fundi, tutaanza kuvunja kesho. La mwisho wakuu: kulikuwa na chujio la sponji, mchanga wa ziwani na mawe kadhaa, vyote vilikuwa kwenye maji yale. Navitumia tena?

#17 Dada Nyegezi

Sponji tupa kaka. Inanyonya mafuta na dawa, kuiosha ni kupoteza maji. Mirija ya hewa ya silikoni nayo badilisha, bei yake ni ndogo. Pampu yenyewe iko nje ya maji, haina shida.

Mawe ni matale haya ya Mwanza (granite)? Hayanyonyi kitu. Sugua kwa brashi na maji ya moto bila sabuni, suuza, yaanike juani siku mbili. Msitarajie yapandishe KH, matale hayana chokaa. Ukitaka kitu cha kushikilia pH kwa maji yetu laini, weka kiganja cha simbi zilizopondwa na kuchemshwa ndani ya chujio.

Mchanga ni suala la kiasi. Ukiwa ndoo moja, mwaga, chukua mwingine. Mchanga mwingi unaotaka kuokoa, suuza mpaka maji yatoke safi, ulowekwe pamoja na mkaa hai siku saba maji yakizunguka, halafu uupime kwa viroboto kama silikoni: kikombe kimoja cha mchanga kwa lita moja.

Bakteria wa chujio waliokuwa wameanza wahesabu wamekufa, dawa hiyo haichagui. Tanki likijazwa mara ya tatu, unaanza upya kuwakuza bakteria hao: tia amonia ya mg 2 kwa lita, pima kila siku mbili, subiri amonia na nitraiti zote ziwe sifuri ndani ya saa 24 tangu uweke dozi. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita. Ukiona wiki ya tatu imeisha na amonia haijashuka hata kidogo, huku pH na KH ziko sawa, rudi uangalie ni kitu gani cha zamani kimerudishwa humo.

Furu watano watafutie beseni la lita 60 au zaidi kwa muda huo, ndoo hazifai kwa wiki sita. Umeme ukikatika uwe na pampu ndogo ya betri pembeni.